Kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili kigangoni: namna tunavyoiandaa sisi watu wa mtoni

Mara ya kwanza niliiharibu mimi mwenyewe. Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 7 Aprili 2004, miaka kumi kamili tangu mauaji ya kimbari ya Rwanda yaanze, na katekista wa kigango chetu, tawi la parokia, nilikuwa mimi. Nilijiona nimejipanga: kwaya ina sare mpya, ngoma zimewambwa upya, na mahubiri yangu juu ya msamaha nimeyaandika kurasa nne. Nilipofika ukurasa wa pili, mama mmoja aliyeketi karibu na dirisha alinyanyuka, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Nilimkuta baadaye amekaa juu ya jiwe chini ya mwembe. Hakuwa akilia. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, lugha ambayo sisi Wahangaza tunaisikia bila kufundishwa: "Katekista, umesamehe kwa niaba ya nani?"

Sikuwa na jibu. Sasa nimestaafu, lakini kila Februari napata ujumbe wa katekista au mzee wa kanisa kutoka Kayanga, kutoka Kasulu, juzi hata kutoka Nakuru: jumuiya yao ina familia za Wanyarwanda, wanataka kufanya kumbukumbu, waanzie wapi. Nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mimi ni Mkatoliki wa wilaya ya Ngara, kando ya mto Kagera mpakani na Rwanda, na nitasema kwa lugha ya kigango. Wewe wa usharika au wa msikiti badilisha majina ya vitu, kazi ni ile ile.

Anza na watu, ngoma baadaye

Nenda kwa manusura kabla hujaenda kwa paroko. Nenda mwishoni mwa Februari, na ukiwa mwanamume fuatana na mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, anayejua kunyamaza. Usibebe daftari siku ya kwanza. Wape nafasi ya kukataa tangu mlangoni, kwa sababu wapo wasiotaka kabisa, na hao tunawawekea nia ya Misa na kuwaacha kwa amani yao.

Wakikubali, waulize kumbukumbu ifanyike wapi, majina gani yasomwe, na kitu gani kisiwepo. Hilo la mwisho ndilo litakalokufundisha kazi. Mmoja alituambia tusipige ngoma, kwa sababu zilipigwa siku zile za kuua. Mwingine alisema vijana wanaopanga watu wasipulize filimbi, kwa kuwa Interahamwe, wale wanamgambo wauaji, waliitana kwa filimbi. Mzee mmoja alitupa ambalo nisingelifikiri hata kama ningekesha: siku hiyo mtu asije na panga. Kwetu hapa kufyeka uwanja wa kanisa ni kazi ya asubuhi ya sikukuu, na wanaume ishirini hutokea barabarani na mapanga begani wakiimba. Fikiria hilo machoni mwa mtu aliyekuwa kanisani Aprili 1994. Tangu siku ile tunafyeka wiki moja kabla, na mapanga yanafungiwa stoo.

Na mahali. Sisi tulidhani ni kanisani, basi. Lakini kuna watu ambao hawajaingia ndani ya kanisa lenye mlango uliofungwa tangu mwaka ule. Wanakuja Misa, wanakaa nje kwenye ukuta, na sisi kwa miaka mingi tuliwaita wavivu. Tunafanyia uwanjani, viti vimewekwa nusu duara, na hakuna anayekaa mgongo kwa njia.

Liite kwa jina lake

Watu wetu husema "vita vya Rwanda" au "zile fujo". Siku hiyo usiseme hivyo. Sema mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Vita vilikuwepo, ndiyo, tangu Oktoba 1990, kati ya serikali ya Kigali na waasi wa RPF. Lakini bibi kizee na mjukuu wake waliotafutwa kwenye mtama hawakuwa wakipigana na mtu.

Mpe mtu mmoja dakika nne za historia, zisizidi, asome akiwa amesimama. Aseme kwamba vitambulisho vilivyoandika mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa vililetwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Aseme kwamba Watutsi walianza kuuawa na kufukuzwa tangu 1959, na baadhi walikuja huku kwetu. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, aliyekuwa akirudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, naye akafa pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi. Kulipokucha mauaji yalikuwa yameshaanza, kwa orodha zilizokuwa tayari, na yaliendelea siku zipatazo mia moja hadi Julai. Wahutu waliokataa kuua, au waliowaficha majirani, waliuawa pia, na watajwe. Kuhusu idadi, serikali ya Rwanda inahesabu zaidi ya watu 1,000,000, na Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi umetumia 800,000. Taja moja, useme ni ya nani, uendelee. Kumbukumbu si mahali pa kubishana hesabu.

Atatokea mtu wa kusema "pande zote mbili ziliua". Huku kwetu hutokea kila mara, na si mwovu kila mara: wengine ni watoto wa wakimbizi waliopoteza wazazi wao njiani au kule Zaire mwaka 1996 na 1997. Mimi humjibu mtu huyo faraghani. Wafu wako ni wafu kweli, niletee majina yao, tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, tutawaombea kwa sauti. Ila hatutawaleta leo ili wakae upande wa pili wa mizani. Wengine wamekubali. Mmoja alikasirika akahama jumuiya, na bado tunasalimiana sokoni.

Useme ya nyumba yako

Hapa ndipo nilipokosea 2004, na ndipo ninapoona wengi wakikosea hata leo. Tunaruka moja kwa moja kwenye msamaha, au tunakimbilia hadithi za mashujaa, kabla ya kusema lililotokea ndani ya nyumba yetu sisi wenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tarehe 7 Aprili 1994 ilikuwa Alhamisi ya Oktava ya Pasaka, yaani zile siku nane za kuanzia Pasaka. Siku nne tu kabla, watu wale waliimba Aleluya pamoja, waliokuja kuua na waliouawa, kwenye benchi moja. Na Watutsi walipoona moto walikimbilia kanisani, kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma aliyeingia kanisani mara nyingi alisalimika. Safari hii waliuawa mle mle: Ntarama, Nyamata, na Nyarubuye, parokia iliyo ng'ambo ya mto wetu, ambako mauaji makubwa yalianza tarehe 15. Tarehe 16 huko Nyange, magharibi, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, wapatao 1,500. Siku hiyo hiyo ya tarehe 16 ilikuwa zamu ya Mugonero, kwa Waadventista, kwenye kanisa na hospitali.

Majina ya kutaja ni yale yaliyopita mahakamani, basi. Sisi Watanzania tuna bahati: mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa Arusha mpaka 2015, na hukumu zake ziko wazi. Padre Athanase Seromba wa Nyange alipewa kifungo cha maisha kwenye rufaa mwaka 2008. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Mugonero alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003. Sylvestre Gacumbitsi, burgomasta, yaani mkuu, wa wilaya ya Rusumo ya ng'ambo, aliyehukumiwa kwa mauaji ya Nyarubuye, alikamatwa mwaka 2001 akiwa kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na rufaa ikampa maisha mwaka 2006. Hayo unaweza kuyasoma kwa sauti. Lakini fulani wa kijijini kwenu ambaye watu wanamnong'onea, usimguse. Madhabahu si kizimba, na ukikosea utaua mtu kwa mdomo.

Shehe wa msikiti wa sokoni, ambaye ni rafiki yangu wa bao, aliwahi kunitania: "Ninyi mna la kutubu, sisi tuna la kusimulia." Na kweli wanalo. Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, wengi wakiongea Kiswahili, wakidharauliwa kwa hilo hilo, na wengi wao waliwaficha watu bila kuuliza kabila. Kwenye msikiti wa Mabare, mashariki, Waislamu na Watutsi waliokimbilia kwao walijitetea kwa mawe siku kadhaa hadi walipozidiwa. Lakini nilimkumbusha kwamba Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea chuki ile, naye alikuwa Mwislamu na alihukumiwa Arusha. Akanyamaza, akasogeza kete. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alilitaja mbele ya watu wake.

Maneno ya kukiri yasomwe na kiongozi wa nyumba hiyo, si mgeni. Yawe mafupi. Sisi tunasoma haya, na ukiyapenda yachukue:

"Ndugu zetu walikimbilia makanisani kwa sababu sisi ndio tuliowafundisha kwamba kanisa ni mahali salama. Waliuawa humo, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama sisi. Wapo mapadre na wachungaji waliosaidia kuua. Sisi wa kigango hiki tulizika baadhi ya waliouawa, na baada ya hapo tuliwalisha waliowaua, wala hatukuuliza. Tunalisema hili mbele ya Mungu na mbele yenu."

Sentensi ile ya kulisha ilinichukua miaka kuiandika. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuja kwetu. Wengi walikuwa wakulima wenye hofu, watoto migongoni, lakini katikati yao walikuwemo wakuu wa wilaya na vijana wao, waliokimbia jeshi la RPF. Kule Benaco, kambi yao hapa Ngara, chakula kiligawiwa kwa wilaya walizotoka, kwa hiyo walioongoza mauaji waliendelea kuongoza foleni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nikijitolea kufundisha watoto na kuongoza sala. Mwanamume mmoja alituongozea rozari ya mwezi Mei. Alikuwa na sauti nzuri, na litania ya Bikira Maria aliijua yote kwa kichwa. Nilimpa rozari yangu mwenyewe ya mbao, niliyopewa siku ya kipaimara. Miaka mingi baadaye, wakimbizi walipokuwa wamerudishwa, mtu wa kilimani kwao alinieleza yule bwana alifanya nini katika kanisa lao katikati ya Aprili, wiki mbili kabla ya Mei yetu ile. Jina lake siandiki, sikuwa shahidi. Lakini rozari ilikuwa yangu.

Jambo moja zaidi kuhusu kukiri, na tafadhali ulishike: ukimaliza kusoma, usiwageukie manusura ukasema "tunaomba mtusamehe". Mbele ya umati, mtu huyo atafanya nini? Akikubali umemnyang'anya, akikataa umemwaibisha. Hata Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na Rais Kagame Vatican tarehe 20 Machi 2017, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na kasoro za Kanisa na watu wake. Maaskofu wa Rwanda walikuwa wametangulia Novemba 2016, barua yao ikasomwa parokiani. Wapo walioona ni kidogo na kumechelewa. Mimi ni mmoja wao, lakini barua ile nimeihifadhi. Manusura akitaka kusamehe atasamehe nyumbani kwake, siku yake, na huenda wewe usijue kamwe.

Mashujaa waje baada ya hapo. Sisi humtaja Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi, aliyekuwa akivusha watu kwenda Goma. Kaka yake afisa wa jeshi alimtaka aondoke ajiokoe, naye akamwandikia kwamba afadhali afe na watu arobaini na kitu aliokuwa nao. Aliuawa nao tarehe 21 Aprili. Dakika mbili zinamtosha, ukizidisha unaanza kujipongeza kupitia yeye.

Kalenda itakusumbua

Tarehe ni 7 Aprili, usiihamishe. Umoja wa Mataifa nao unaiadhimisha siku hiyo hiyo. Tatizo ni Pasaka. Mwaka 2023 tarehe 7 ilikuwa Ijumaa Kuu, na mwaka 2026 ni Jumanne ya Oktava ya Pasaka, siku ambazo huwezi kuomba Misa ya kuwakumbuka marehemu. Makatekista wengi hufika hapo wakakata tamaa au wakasogeza hadi Mei. Usisogeze. Siyo lazima iwe Misa. Fanya mkesha mfupi wa masomo na sala, ambao katekista anaweza kuuongoza na ambao mtu asiye Mkatoliki anaweza kukaa bila kujiona mgeni. Mwaka ule wa Ijumaa Kuu tulimaliza ibada ya Msalaba ya saa tisa, watu wakaenda, na waliotaka wakarudi saa moja jioni. Misa ya marehemu paroko aliipanga baadaye, Oktava ilipokwisha.

Mjulishe mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kwa barua. Mheshimiwa diwani akija mkaribishe kiti. Asihutubie.

Jioni yenyewe

Tunaanza saa kumi na mbili, bado kuna mwanga, na tunamaliza kabla ya saa mbili ili watu wasirudi usiku mnene. Mshumaa ni mmoja, mkubwa. Kipindi cha Pasaka tunauwasha kutoka Mshumaa wa Pasaka, na kama ni kabla ya Pasaka tunatumia wa kawaida. Kuna parokia niliona wakiwapanga manusura mstari, kila mmoja na mshumaa wake, huku kijana wa kamera akiwamulika usoni. Usifanye hivyo. Simu zizimwe, picha zisipigwe kabisa, na uwaambie hata watoto wa kwaya.

Kwaya iimbe zaburi mbili bila ala: ya 130 na ya 88. Hiyo ya 88 makatekista huiogopa kwa sababu inaishia gizani, hakuna mstari wa kuinua moyo. Acha iishie hapo hapo. Rangi ya kumbukumbu Rwanda siku hizi ni kijivu, zamani ilikuwa zambarau. Vitambaa vidogo vya kijivu kifuani vinatosha, fundi cherehani atavikata kwenye mabaki.

Masomo ni mawili na ni hadithi moja. Mimi nasoma Mwanzo 4, Kaini na Abeli, damu inayolia kutoka ardhini. Shehe anasoma Surat al-Maida kuanzia aya ya 27, wana wawili wa Adamu, kwa Kiarabu kisha anaeleza kwa Kiswahili. Wakristo wengi huijua ile ya 32 tu, kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote, kwa kuwa inanukuliwa sana. Kabla yake kuna aya ya 31, na ndiyo iliyotunyamazisha sisi watu wa mtoni. Ndugu ameshaua, amesimama na maiti hajui la kufanya, na Mungu anampeleka kunguru afukue ardhi, amwonyeshe namna ya kumsitiri nduguye. Muuaji anajilaumu kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru.

Shehe na watu wake usiwalazimishe ishara ya msalaba wala maji ya baraka. Sehemu yao wafanye wao, na sisi tusikilize tumekaa.

Kisha majina. Hii ndiyo shughuli yenyewe, mengine yote ni kuandaa njia. Msomaji awe anajua Kinyarwanda, maana majina yao ni sentensi, na ukiyatafuna unabadili maana. Afanye mazoezi siku mbili. Jina, mahali alipotoka, kituo cha pumzi moja, jina lingine. Utasoma Habimana, yaani Mungu yupo, na baada yake utasoma kilima alikouawa Habimana huyo. Usieleze kitu. Wanyarwanda wana msemo kwamba Mungu hushinda kwingine lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Mtu mmoja wa kwetu aliniuliza, usiku ule wa mauaji Mungu alilala wapi. Nilikaa naye, nikamwambia sijui, na hilo ndilo jibu langu la ualimu wa dini wa miaka thelathini. Mwisho wa majina sema: "Na wale ambao hakubaki mtu wa kutuletea majina yao." Kuna familia zilizokwisha zote, mpaka mtoto wa mwisho. Hapo nyamazeni dakika tatu kwa saa. Dakika tatu ni ndefu, wazee watakohoa, waache.

Funga kwa "Raha ya milele uwape, ee Bwana". Matangazo ya mchango wa bati la sakristia yasubiri Jumapili.

Mtu akishikwa

Wenyewe wanaita ihahamuka. Mtu anarudi mwaka 1994 mbele ya macho yako: anapiga kelele, anajificha chini ya benchi, anakimbia, au anakauka tu hasikii. Jiandae, usiseme kwetu haitatokea. Tenga chumba chenye mikeka, maji ya kunywa, khanga safi, na akina mama wawili anaowafahamu. Mwombe mganga wa zahanati asisafiri jioni hiyo.

Usimkandamize chini. Usimmwagie maji. Usimzunguke watu kumi. Na kwa mkono wangu wote naandika hili: usimkemee pepo. Niliwahi kuona kijana wa maombi, mwenye nia njema kabisa, akimpigia kelele mama aliyeshikwa, "Toka! Toka!", na mama yule alisikia kilekile alichokisikia akiwa na miaka tisa. Mpe nafasi, mtu mmoja akae naye chini kwa upole, amwite jina, amwambie mahali alipo, mwaka huu ni upi, na nani yuko mlangoni. Ashikwe mkono kama ametaka. Ibada iendelee taratibu, watu wasigeuze shingo. Akipata nafuu asipelekwe nyumbani peke yake, na usiku huo mtu alale kwake.

Mtoni

Hili ni la kwetu, kama huna mto liruke. Mwezi Aprili na Mei 1994 maiti zilikuja na Kagera, zikapita kwenye maporomoko na chini ya daraja la Rusumo, zikaenda mpaka Ziwa Victoria. Upande wa Uganda walizikwa zaidi ya 10,000 huko Kasensero, Lambu na Ggolo, na wavuvi walifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Huku pia walizikwa waliokwama kwenye matete. Mimi nilichimba siku mbili, na kwa miezi mke wangu hakula samaki.

Vijana huuliza kwa nini mtoni. Waambie halikuwa jambo la bahati mbaya. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia Kabaya akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia Nyabarongo, mto unaoingia Kagera. Mwaka na nusu baadaye maneno yalipita chini ya daraja letu.

Ukitaka kupeleka maua, omba ruhusa polisi na uhamiaji, kwa kuwa ni mpakani na watu wengi kando ya maji jioni huonekana magendo. Sisi huenda asubuhi ya tarehe 8, watu wasiozidi kumi na tano, mahali ambapo maji yametulia. Maua ya kweli, bila nailoni wala waya. Watoto wabaki nyuma, kingo zinateleza Aprili. Shehe huomba dua yake, sisi yetu, na hakuna hotuba kwa sababu maporomoko hayakuachii usikike.

Siku tisini na tisa zilizobaki

Wengi hukunja viti tarehe 7 wakadhani wamemaliza. Kwa manusura ndiyo kwanza inaanza. Kila mmoja ana tarehe yake: ya mama, ya wadogo zake, ya siku aliyotoka shimoni. Nunua daftari la kurasa mia, uwaulize taratibu, uandike tarehe na jina tu, ulifungie. Gawa tarehe hizo kwenye jumuiya, watu wawili wawili, wasiende kuhubiri. Aprili ni mwezi wa mvua, paa zinavuja, na mara nyingi kupiga msumari kwenye bati la mjane kunamsaidia kuliko rozari nzima. Padre mmoja hakupenda niliposema hivyo kwenye semina, lakini alicheka.

Yule mama wa mwaka 2004 tarehe yake ni 15 Aprili, ya Nyarubuye. Hataki watu wengi. Naenda na mke wangu, tunabeba sukari na sabuni, tunakaa kwenye mkeka barazani. Mwaka jana hakusema lolote juu ya wafu. Alitueleza jinsi mama yake alivyokuwa akipika maharage na ndizi kwenye chungu kimoja, na kwamba maharage ya upande huu wa mto hayaivi sawasawa hata ukiyaloweka. Mke wangu akabisha. Walibishana mpaka kuku wakaingia bandani.